Siku Kumi na Moja za Kumngoja Baba

Jirani yangu hapa ninapoishi sasa ni mama wa Kiteso anayetengeneza pombe ya wimbi, ile nafaka wengine huiita ulezi. Kila baada ya wiki kadhaa huutoa ardhini unga uliochachuka, akaumwaga juu ya bati pana lililowashiwa moto chini, akaugeuzageuza kwa koleo mpaka ufanane na udongo mkavu. Harufu yake huingia mpaka ndani ya mablanketi, uchachu na kuungua kwa pamoja. Wageni wangu husema inawatia hamu. Mimi hainitii hamu wala hainikirihishi. Ikinikuta nakata mboga, kisu kinasimama. Kisha naendelea kukata.

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Nyanya, mbona ukisikia hiyo harufu unakuwa kama mtu aliyeitwa?"

Sikumjibu. Yeye bado mdogo. Lakini ninyi wa rika langu, mliosoma kwenye shule za mawe na udongo wakati Mzungu bado ndiye bwana pande zote mbili za mpaka, ninyi naweza kuwaeleza.

Tulikaa juu ya kilima upande wa Tororo. Asubuhi, ukungu ukiondoka, ulikuwa unaliona lile jabali la mji limesimama peke yake kama ng'ombe aliyekataa kurudi zizini, na upande wa mawio, kule Malaba, moshi wa treni inayotoka Kenya. Kwetu palikuwa na mawe mengi na udongo haba. Mashamba yalikuwa yameng'ang'ania mteremko, na maji tuliyapandisha kwa vichwa kutoka bondeni. Mtoto wa kilimani alijua uzito wa mtungi kabla hajajua kuhesabu.

Shule yetu haikuwa ya serikali wala ya kanisa. Kanisa lilikuwa bondeni, mbali, na huko walisoma kwa Kiganda kwa kuwa vitabu vya dini vililetwa kwa lugha hiyo. Watu wa kilimani hawakuwa na ugomvi na Kiganda, ila hakikuwasaidia kwa jambo lililokuwa linawasumbua. Waume zao na wana wao walikuwa wamevuka mpaka kwenda kufanya kazi ya reli na ya mashamba ya Wazungu, na barua zao zilirudi kwa Kiswahili. Barua ikifika, mwenyewe alishuka nayo mjini kumtafuta karani wa duka, naye akamsomea mbele ya watu waliokuja kununua chumvi. Nyanya yangu, mama wa baba, alipata habari ya kifo cha kaka yake namna hiyo. Karani alikuwa anapima sukari. Alisoma, akamrudishia karatasi, akaendelea kupima.

Nyanya alipanda kilima siku hiyo bila kulia, na alipofika juu aliwaambia wanawake wenzake kwamba hatasomewa tena na mtu anayepima sukari. Ndivyo shule ilivyoanza. Wanawake walibeba mawe, wanaume waliobaki wakakata miti na nyasi, na Mwalimu Miriamu akakubali kufundisha. Alikuwa mwanamke wa kwetu, mjane, aliyekaa Kisumu miaka mingi na mumewe mpishi, na huko ndiko alikojifunzia kusoma na kuandika Kiswahili. Alikuwa mrefu, mkimya, na alitembea kama mtu anayeogopa kukanyaga vifaranga.

Hatukuwa na chaki. Tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu juu ya mbao zilizopakwa masizi. Muhogo unaandika vizuri, mweupe kabisa, lakini mtoto mwenye njaa anaweza kuila herufi kabla hajaiandika, na wengi wetu tulikuwa na njaa kabla ya mavuno. Mwalimu alijua. Alikuwa anatuhesabia vipande asubuhi, na jioni hakuuliza vilikokwenda.

Asubuhi tulisoma watoto. Mchana, jua likiwa kali kwa jembe, walikuja watu wazima, wengine kujifunza kuandika majina yao, wengine kusoma mizani ya wanunuzi wa pamba. Nje palikuwa na mlingoti wa mwanzi. Kitambaa cheupe kikipandishwa, watu walioko mashambani walijua shule imefunguliwa. Ikipandishwa leso nyekundu ya Mwalimu, walijua kuna barua. Ulikuwa unaona majembe yanalazwa chini mteremko mzima, kila mtu akijiuliza kama ni yake. Mwalimu alimwita mwenye barua ndani, akafunga mlango, akamsomea peke yake. Hapakuwa na mtu mwingine anayesikia. Kwa jambo hilo tu watu wangeweza kubeba mawe mara ya pili.

Baba yangu, Oketcho, alikuwa kwenye gangi, kikosi cha wafanyakazi wa reli, huko Makindu, wakibadilisha mataruma yanayolazwa chini ya vyuma. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Nilimjua zaidi kwa mwandiko kuliko kwa uso. Mama hakusoma. Hakuwahi hata kuingia shuleni. Alisema mgongo wake una kazi nyingine. Barua za kumjibu Baba alinitajia mimi kwa lugha yetu ya Kipadhola, nami nikaziandika kwa Kiswahili mbele ya Mwalimu, naye akasahihisha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Watu walikuwa wameanza kuniita Msomaji, na nililipenda jina hilo kuliko lile nililozaliwa nalo.

Barua ninayotaka kuwaeleza ilikuja wakati Mwalimu Miriamu amelala kwa malaria. Leso haikupandishwa. Mtu aliyetoka mjini aliileta moja kwa moja nyumbani kwetu, akampa Mama, akaenda zake. Mama aliigeuza. Hakujua herufi, lakini mkono wa Baba aliujua, jinsi unavyoujua mwendo wa mtu akiwa bado mbali.

"Huu si mkono wake," alisema.

"Atakuwa amemwomba mwenzake amwandikie," Nyanya akamjibu. "Mpe mtoto asome."

"Tumngoje Mwalimu apone, mama."

"Tumngoje mpaka lini? Mawe yale nilibeba kwa kichwa hiki. Niliyabeba ili mtoto wa nyumba hii anisomee ndani ya nyumba hii. Mpe."

Mama akanipa. Nilikaa kwenye kigoda, nikanyoosha mgongo kama nilivyofundishwa. Barua ilikuwa fupi. Naikumbuka yote, kwa sababu ambayo mtaiona. Baada ya salamu iliandikwa hivi: *Napenda kuwajulisha kwamba ndugu yetu Oketcho alishikwa na homa siku tatu. Sasa haumwi tena. Amepumzika siku ya Jumanne. Hana kazi tena wala taabu. Vitu vyake vitakuja na Wafula, ambaye anapata likizo. Mungu awape moyo.*

Nilisoma sentensi moja kwa Kiswahili, kisha nikaigeuza kwa lugha yetu. Baba aliugua. Sasa haumwi. Nyanya akasema ahsante Mungu. Amepumzika. Neno nililolichagua kwa lugha yetu lilikuwa lile la mtu anayekaa kivulini baada ya palizi, akanyoosha miguu. Sikujua kwamba kuna lingine. Nikaeleza kwamba amepewa mapumziko, kazi imekwisha, vitu vyake vinakuja na mtu anayeitwa Wafula.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Na yeye?" akauliza.

Nilitazama karatasi. Hapakuwa na neno lolote juu ya jambo hilo. Lakini mtu akiwa amepumzishwa kazi na vitu vyake vinaletwa, atakaa huko afanye nini? Nilikuwa msomaji, na msomaji akiulizwa hujibu.

"Na yeye pia," nikasema.

Mama akaegemea mwimo wa mlango, akacheka kidogo puani. Tangu hapo hadi leo sijui kama nimewahi kumpa mtu yeyote kitu kikubwa kama kile.

Mchana uleule Nyanya alitoa wimbi ghalani. Alichanganya unga na maji, akaufukia ardhini na majani ya mgomba juu yake, akahesabu kwa vidole siku utakapokuwa tayari. Mama alikanda udongo na samadi, akapaka kuta upya, ndani na nje, akachora mistari kwa vidole kama inavyochorwa nyumba ya bibi arusi. Alikwenda kusukwa nywele kwa jirani. Nilimsikia akiimba bondeni kisimani. Sauti ilipanda mteremko kabla yake, na wanawake mashambani wakawa wanamtania.

Kila siku, kabla jua halijatua, aliniambia, "Hebu isome tena." Nami nilisoma. Nilipofika mahali pa Wafula, nilikuwa naongeza yale maneno yangu matatu bila kusubiri kuulizwa. Baada ya siku tatu au nne nilikuwa nayaona pale kwenye karatasi. Naapa niliyaona, yako katikati ya "Wafula" na "ambaye".

"Haijasema siku?"

"Haijasema."

"Na kwa nini hakuandika mwenyewe?"

"Labda amechoka," nikamjibu.

Siku ya sita Nyanya aliufukua unga, akaukaanga juu ya bati. Kilima kizima kilijua kwamba Oketcho anarudi. Hayo ndiyo yaliyokuwa katika ile harufu.

Siku ya kumi na moja, jua likiwa utosini, mtu alipanda njia ya kwetu na sanduku la bati kichwani. Alikuwa amevaa koti la kaki na kofia. Pombe ilikuwa imekwisha chachuka, mtungi mkubwa uko uani na mirija yake ya kunywea, na watu kama wanane, wazee na wanawake wa jirani, walikuwa wameketi wakingoja maji ya moto yatiwe. Mama alikuwa amebeba kibuyu. Wote walimwona mtu yule, kisha wote wakatazama njia nyuma yake.

"Hodi hapa."

"Karibu," nikajibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua Kiswahili.

"Hii ndio nyumbani kwa Oketcho?"

"Ndiyo hapa."

Akashusha sanduku. Alikuwa Msamia wa upande wa Lunyo, nilimtambua kwa jinsi alivyosema. Akatazama kuta zilizopakwa upya, akatazama mtungi na mirija, akavua kofia.

"Mimi ni Wafula. Nalikuwa na yeye gangi moja. Poleni sana."

Nikamgeukia Nyanya. "Ni Wafula. Anasema poleni kwa kazi."

"Mwambie ahsante, na yeye pole kwa safari. Muulize mwanangu kilima kimemshinda wapi. Zamani alikuwa anakipanda kwa mbio."

Watu wakacheka. Nikamwuliza Wafula, "Baba yuko nyuma?"

"Nani?"

"Baba. Oketcho."

Akaninamia karibu. Alikuwa na jasho kwenye nyusi na nilisikia harufu ya makaa ya treni kwenye koti lake. "Barua mlipata?"

"Tulipata."

"Nani alisoma?"

"Mimi."

Wafula akatazama tena pombe. "Mimi nalifikiri nimechelewa matanga," akasema polepole. "Hapa hakuna mtu mkubwa anajua Kiswahili?"

"Hakuna. Mwalimu anaumwa."

"Anasemaje?" Nyanya akauliza nyuma yangu.

Wafula akachuchumaa mbele yangu, kofia mkononi. "Mtoto, sikia. Baba yako sisi tulizika Makindu, Jumatano. Pale karibu na reli, chini ya mti. Watu wote wa gangi walikuja, na msimamizi pia. Homa ilimmaliza. Ile barua ilisema hivyo. Sasa waambie. Sema pole pole."

Nilisimama pale. Nilijua kila neno alilolisema, na kila moja lilikuwa na neno lake katika lugha yetu. Safari hii sikutafuta. Nikageuka, nikasema. Nilisema amekufa, amezikwa Makindu karibu na reli, siku ya Jumatano, na watu wa gangi walikuja.

Nyanya akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Kibuyu cha Mama hakikuanguka. Alikiweka chini taratibu, akahakikisha hakitapinduka, ndipo akakaa ardhini kando yake akiwa na zile nywele zake zilizosukwa. Vilio vilianzia kwa wanawake wa jirani, vikateremka mlimani nyumba kwa nyumba. Mimi sikulia. Nilihesabu mirija kwenye mtungi. Ilikuwa kumi na miwili. Nilihesabu tena, na ilikuwa ileile. Nilikuwa nikifikiri kwamba Baba hakufa ile Jumanne. Jumanne ile huko kwetu hakuna kilichotokea. Alikuwa hai kilimani, anakuja, mpaka mimi nilipofungua kinywa uani, na kwa sababu Nyanya aliniambia nirudie, nilimuua mara mbili. Niliamini hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kukiri.

Pombe ya kumpokea ikawa pombe ya matanga. Haikuhitaji kuongezwa. Ndani ya sanduku mlikuwa na mashati mawili, blanketi, kikombe cha bati, na barua zote nilizomwandikia kwa kinywa cha Mama, zimefungwa kwa uzi. Wafula alilala siku mbili kwa jirani, akaenda kwao Lunyo. Kabla hajaondoka aliniambia, "Si kosa yako." Nikamshukuru kama ninavyomshukuru mtu aliyenipa maji.

Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenigombeza. Nilikula vizuri, watu waliniona nakula, na nilisikia wakinong'onezana juu ya jambo hilo. Nilijaribu kulia, kisimani, peke yangu. Nilikunja uso na kutoa sauti kama walivyofanya wengine, na chura mmoja akaruka majini, basi nikaacha. Mama alirudi shambani mapema kuliko ilivyo desturi. Hakunitajia ile barua tena, wala hakuniambia niisome. Aliichukua akaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na nyingine.

Mwalimu Miriamu alikuja alipoweza kusimama. Alishikilia fimbo na macho yake yalikuwa ya njano. Aliomba barua, Mama akampa, akaisoma kimya akiwa amesimama. Nilingoja.

"Umeisoma sawasawa," akaniambia. "Hakuna neno ulilokosea. Nilikufundisha maneno yanavyoandikwa tu. Sikukufundisha kwamba watu wakiogopa neno moja hutafuta lingine la kulifunika. Hilo ni langu."

Ningeweza kumwambia hapo hapo juu ya yale maneno matatu. Mama alikuwa karibu, anapeta wimbi. Sikusema. Mwalimu alikuwa amenipa msamaha wa kosa ambalo si lenyewe, nikaupokea.

Kilimani watu walianza kusema. Kitambaa cheupe kilipandishwa asubuhi na watoto wakawa wachache, kisha wachache zaidi. Mwisho wazazi waliitana wakutane shuleni. Mzee Ochwo, ambaye ndiye aliyekata boriti za paa, alizungumza kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Wanawe wawili walikuwa Nakuru.

"Tulijenga nyumba hii tusiaibike mbele ya karani," alisema. "Karani alituaibisha, lakini hakutudanganya. Mtu akifa, alisema amekufa. Sasa mtoto anasoma, na watu wanapika pombe ya furaha juu ya maiti. Nikipata barua ya wanangu nitashuka nayo mjini. Mwenye kutaka abaki, abaki. Mimi watoto wangu wa nyumbani watachunga mbuzi."

Wengi waliitikia kwa kuguna. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni, hakujitetea. Nami nilikuwa nimekaa sakafuni mbele, kwa kuwa niliambiwa nije, nikitazama vumbi la muhogo kwenye nyufa za mawe.

Nyanya alisimama. Hakuwa msemaji wa mikutano.

"Mwanangu alikufa Makindu," alisema. "Hakufa katika nyumba hii. Kaka yangu nilisomewa na karani mkisikia nyote mliokuwa dukani, na wengine wenu mmo humu. Nilirudi njia nzima na uso wangu wazi kama sufuria isiyo na kifuniko. Mwanangu nimeambiwa na damu yangu mwenyewe, uani kwangu, na nilipoomba kurudiwa nilirudiwa. Mkibomoa, mawe yangu mnirudishie nyumbani. Nayajua yote."

Akakaa. Mzee Ochwo alitazama paa lake muda mrefu, na mkutano ukaisha bila kuamua kubomoa wala kutobomoa, kama mikutano mingi inavyoisha. Watoto walirudi mmoja mmoja. Wale wa Ochwo walirudi baada ya mavuno.

Mwalimu alibadilisha mafundisho. Aliwaomba watu barua zao za zamani, zile ambazo hazina aibu, na kila Ijumaa tulisoma moja. Alituuliza: huyu anasema nini, na hasemi nini? Mtu akiandika "hali si mbaya" ana maana gani? Mtu akisema "nitakuja Mungu akipenda", anakuja? Tulijifunza mengi kwa njia hiyo, watoto kwa watu wazima. Mimi nilikuwa najibu vizuri kuliko wote, na sikusikia chochote ndani yangu nikijibu.

Kisha, mchana mmoja wa kiangazi, kitambaa cheupe kikiwa juu, Mama aliingia darasani. Alikuwa ametoka shambani, udongo bado uko miguuni. Aliketi nyuma, mahali pa wanaoanza, akapokea ubao na kipande cha muhogo.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Mwalimu na wengine walifurahi. Walisema mjane wa Oketcho anajipa moyo. Mimi nilijua anachokitafuta. Mama hakutaka kuandika jina lake. Hakutaka mizani. Alitaka kusoma, na alijifunza kwa namna yake ya kulima, mstari mmoja mpaka mwisho kabla hajaanza mwingine. Nyumbani nilimwona akitembeza kidole juu ya mfuko wa chumvi, juu ya kalenda ya duka, midomo ikisogea. Kila alipojua herufi mpya nilihesabu ni ngapi zimebaki. Niliwaza kumwambia. Niliwaza kuichukua barua na kuitia motoni. Siku moja nilifungua sanduku na kuishika, nikatafuta kama ningeweza kuandika yale maneno matatu katikati ya "Wafula" na "ambaye". Nafasi haikutosha.

Mvua za kwanza zilikuwa zimekaribia alipoitoa. Ilikuwa asubuhi, Nyanya amekwenda kwa dada yake. Mama aliketi mlangoni penye mwanga, miguu imenyooka, karatasi juu ya mapaja. Hakuniita. Nilikuwa napepeta kando ya ghala, nikaacha.

Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Na-pe-nda ku-wa-ju-li-sha. Ilichukua muda mrefu sana. Alipofika kwenye *amepumzika* alipita bila kusimama. Neno hilo alikuwa amekwisha kulijua. Alipofika kwenye vitu na Wafula, kidole kikasimama. Akarudi nyuma. Akasoma tena. Akageuza karatasi atazame nyuma yake, ambako hapakuwa na kitu, akaigeuza tena.

"Ni hayo tu?" akauliza, bila kunitazama.

"Ni hayo tu, Mama."

Kuku mmoja alikuwa anachakura kati yetu. Nilikuwa na ungo mkononi na sikujua niuweke wapi. Sikuona hofu wala aibu. Niliona tu kwamba ungo ni mzito.

Mama akaikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani. "Mimi ndiye niliyekuuliza," akasema.

Akainuka, akaiweka sandukuni, akatoka na majembe mawili. Moja akanikabidhi. Mbingu upande wa Malaba zilikuwa zimeshakuwa nyeusi, na shamba la juu lilikuwa halijaguswa. Tulilima bila kusema mpaka matone ya kwanza yalipotupiga migongoni.